Hadubini Iliyozinduliwa Mara Arobaini na Moja

Iko nchi moja, si ya zamani wala si ya mbali, ambayo jina lake halitajwi hapa kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa kibali hicho imekwisha kujengwa lakini haijazinduliwa. Katika nchi hiyo hakuna kitu cha umma kinachoruhusiwa kutumika kabla ya kuzinduliwa. Daraja likikamilika, watu huendelea kuvuka majini chini yake, wakiinua macho kulitazama kwa heshima, mpaka mgeni rasmi apatikane. Zahanati mpya huwekewa mlinzi ili wagonjwa wasije wakapona humo kabla ya wakati. Ni nchi yenye utaratibu, na wananchi wake huishukuru serikali kwa utaratibu huo kila Jumatatu asubuhi, wakiwa wamesimama.

Kwa kuwa uzinduzi hauwezekani bila utepe, kiwanda kikubwa kuliko vyote nchini ni kiwanda cha utepe. Kampuni yake inaitwa Utepe wa Taifa, nayo iko katika mji mdogo wa Mabondeni, kando ya mto ambao siku za Jumanne hupita mwekundu na siku za Alhamisi hupita wa buluu, kufuatana na ratiba ya rangi kiwandani. Watu wa Mabondeni huitambua siku kwa kuutazama mto, jambo ambalo kampuni imeliandika katika ripoti yake ya mwaka kuwa ni mchango katika elimu ya kalenda.

Nyamizi alikuwa mama lishe, na banda lake liliegemea uzio wa Shule ya Sekondari Mabondeni. Alikuwa na binti mmoja, Kabula, aliyesoma kidato cha nne na aliyekuwa na nia moja tu: kwenda chuo cha maabara kusomea upimaji wa maji, ili siku moja aweze kusema kwa uhakika ni nini kinachopita Jumanne na ni nini kinachopita Alhamisi. Chuo hicho hakikumpokea yeyote asiyefaulu mtihani wa vitendo wa kemia, na shule ya Mabondeni haikuwa na maabara. Mwalimu wa kemia alivichora vifaa ubaoni kwa chaki, kwa ustadi mkubwa, na wanafunzi walipita mbele mmoja mmoja kuvigusa, wakarudi na vumbi jeupe vidoleni. Baraza la Mitihani, ambalo lina huruma, lilizitungia shule za namna hiyo karatasi ya pekee iitwayo mtihani wa vitendo vya kufikirika. "Fikiria," lilisema swali la kwanza, "kwamba umedondosha asidi kwenye maji ya magadi na rangi imebadilika. Imekuwa rangi gani?" Mwaka uliotangulia watahiniwa wa Mabondeni walifikiria rangi kumi na moja, wakafeli wote isipokuwa mmoja, ambaye siku hiyo alikuwa mgonjwa.

Nyamizi mwenyewe alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mitatu, katika darasa la kisomo lililokutana alasiri hapo hapo shuleni chini ya Mwalimu Generoza, mstaafu aliyefunga miwani yake kwa uzi. Tangu alipoanza kusoma, hakuacha andiko limpite. Alisoma pakiti za chumvi, viberiti, magunia ya mkaa, na yale maandishi madogo yaliyo nyuma ya tiketi. Katika nchi hiyo watu waliosoma zamani hawasomi tena. Wanajua kwamba wanajua, na hilo linawatosha. Kazi ya kusoma wameachiwa wanaoanza.

*

Mwezi wa pili Utepe wa Taifa ilitangaza kwamba imeamua kuunga mkono elimu ya sayansi kwa vijana wanaokizunguka kiwanda. Tangazo lilitolewa katika uwanja wa shule na Afisa Uhusiano wa kampuni, Bwana Edgari Shangwe, mtu mwenye sauti nzuri na mkasi wa fedha uliochungulia mfukoni mwa koti.

"Kampuni yetu ilijiuliza swali gumu," alisema Bwana Shangwe. "Je, kijana wa Mabondeni akiamka asubuhi, anakosa nini? Tukafanya utafiti wa miezi minane. Ikabainika kwamba anakosa sayansi. Ndugu zangu, sayansi ni nini? Sayansi ni utepe unaotuunganisha na kesho. Na utepe, kwa bahati, tunao."

Makofi yalipokwisha, Kabula aliinua mkono. "Samahani, mheshimiwa. Mto unakuwa mwekundu Jumanne kwa sababu gani?"

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Lugendo, alifumba macho. Lakini Bwana Shangwe alifurahi kwa dhati.

"Swali zuri sana, binti yangu. Ndiyo maana tunaleta maabara, ili maswali kama hayo yaulizwe humo ndani, mlango ukiwa umefungwa."

Baada ya wiki tatu lori la kampuni liliwasili. Lilishusha hadubini tatu, mizani, taa za gesi, chupa zenye lebo, na bureti kumi na mbili, yaani mirija mirefu ya kioo yenye koki ndogo chini, ya kudondoshea asidi tone kwa tone. Vyote vilipangwa katika chumba kilichopakwa rangi upya. Kisha utepe mwekundu wenye upana wa mkono ulifungwa mlangoni kwa mafundo saba, tangazo likabandikwa, na kila mtu akarudi nyuma hatua tatu.

Wanafunzi waliruhusiwa kuitazama maabara kupitia dirishani, darasa kwa darasa, dakika mbili kila darasa, kwa sharti la kutopumulia kioo. Vipindi vya kemia vilihamishiwa kwenye maandalizi ya kumpokea mgeni rasmi. Kabula, kwa kuwa alikuwa wa kwanza darasani, alipewa nafasi ya Asidi katika ngonjera.

"Leo umejifunza nini, mwanangu?" Nyamizi alimwuliza jioni.

"Kupiga magoti wote kwa pamoja, mama."

"Na kemia?"

"Hiyo ndiyo kemia." Kabula alivua viatu. "Ninasema, 'Mimi ni Asidi, mtumishi wa taifa, siunguzi walio watiifu.' Halafu Magadi ananijibu."

"Anakujibuje?"

"Anapiga makofi."

*

Jambo moja lilimsumbua Nyamizi. Lori lililoleta vifaa halikuondoka. Liliegeshwa nyuma ya jiko la shule, na dereva wake, Mzee Chiponda, alikuja bandani kila asubuhi kunywa chai kwa chapati mbili, bila haraka yoyote.

"Mzee Chiponda," alimwambia siku ya kumi, "chai yangu ninajua ni nzuri, lakini si nzuri kiasi hicho. Kiwandani hawakuhitaji?"

"Ninangoja utepe ukatwe, mama."

"Ukikatwa kuna nini?"

"Ninapakia." Akachovya chapati. "Mgeni rasmi akipiga picha ya mwisho, ninarudisha lori kinyumenyume mpaka mlangoni. Robo saa, vimekwisha. Nikizembea, dakika ishirini."

"Unapakia nini, mzee wangu?"

"Vyote. Hii ni shule ya arobaini na mbili. Ile hadubini kubwa imezinduliwa mara arobaini na moja. Imeiona nchi hii kuliko mbunge wetu."

Nyamizi aliendelea kumimina chai ingawa kikombe kilikuwa kimekwisha kujaa. "Na wanafunzi wa shule hizo nyingine?"

"Wana picha. Picha nzuri sana, za rangi, kwenye fremu. Usiniangalie hivyo, mama. Kampuni haijasema uongo. Ilisema itaunga mkono sayansi, ikaunga. Hakuna palipoandikwa kwamba mkono ule ungebaki hapo."

Mzee Chiponda alikwenda zake. Nyamizi alisimama akitazama uwanja wa shule, ambako wanafunzi mia nne walikuwa wakiimba wimbo wa kumwomba mgeni rasmi afike upesi. Uzinduzi ulikuwa umepangwa tarehe tatu mwezi wa nne. Mtihani wa vitendo ulikuwa tarehe tisa mwezi wa kumi na moja. Katika mji mzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa na sababu ya kuomba mgeni rasmi achelewe, na mwanzoni wazo hilo lilimtia aibu, kwa kuwa alikuwa raia mwema.

*

Alasiri hiyo, kabla ya kisomo, alikwenda kulisoma tangazo la mlangoni. Alilisoma lote, pamoja na mstari wa chini ambao uliandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akaenda ofisini kwa Mwalimu Lugendo. Huyo alikuwa ameingojea barua ya kupandishwa cheo kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo alikuwa amegundua kwamba mtu asiyefanya kitu hakosei.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Kabula. Umeleta maandazi?"

"Nimeleta swali. Umelisoma tangazo la mlango wa maabara?"

"Mama Kabula, mimi nina shahada."

"Ninajua, mwalimu. Umelisoma?"

Mwalimu Lugendo alisogeza kikokotoo chake kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Nyamizi akafungua daftari na kusoma kwa sauti yale aliyoyanakili: "Ni marufuku kutumia vifaa hivi kabla ya kuzinduliwa, isipokuwa kwa mazoezi ya kumwonyesha mgeni rasmi."

"Mazoezi ya ngonjera," alisema Mwalimu Mkuu.

"Hapa limeandikwa neno 'vifaa'. Mgeni rasmi akinyoosha kidole na kuuliza, 'Mrija huu unafanyaje kazi?' nani atamwonyesha?"

"Hawezi kuuliza. Hakuna aliyewahi kuuliza."

"Na akiuliza, mwalimu? Kamera zikiwa pale?"

Ndani ya Mwalimu Lugendo hofu mbili zilikutana, hofu ya kufanya na hofu ya kutokufanya, zikashikana mieleka kwa muda mrefu. Mwishowe alitoa ufunguo wa mlango wa stoo, uliofungua kwa nyuma, ili utepe usiguswe.

"Mazoezi," alisema. "Mazoezi tu, Mama Kabula. Wasije wakajifunza kitu."

"Tutajitahidi, mwalimu."

Kesho yake kidato cha nne waliingia maabara kupitia stoo, wakifuatana na mwalimu wa kemia, ambaye alipoishika bureti ya kweli kwa mara ya kwanza tangu aanze ualimu alitoa leso akafuta macho, akasingizia mafua.

*

Zilibaki wiki mbili kufika tarehe tatu mwezi wa nne, na mazoezi ya wiki mbili hayamwezeshi mtu kufaulu kemia. Muhula huo, katika darasa la kisomo, somo lilikuwa uandishi wa barua rasmi. Mwalimu Generoza aliwaambia wanafunzi wake kumi na tisa, wengi wao wakiwa bibi wenye wajukuu, kwamba barua isiyo na mpokeaji ni sawa na ugali usio na mboga. Nyamizi akasema kwamba anaye mpokeaji.

Barua yake ya kwanza ilikwenda Wizara ya Uzinduzi na Kufuta Ujinga. Baada ya kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, aliandika hivi: "Kwa heshima na taadhima ninaomba mwongozo. Viti vyote vya shule yetu vina kimo kimoja. Je, itakuwa ni halali Mheshimiwa Waziri akae kwa kimo kile kile anachokalia mwanafunzi wa kidato cha kwanza?"

Wizara ilishtuka. Hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo, na mtu aliyelifikiria kwanza hakuweza kupuuzwa, kwa kuwa huenda alikuwa amelifikiria kwa niaba ya mwingine. Iliundwa Kamati ya Kimo. Kamati ilizuru mikoa sita kupima viti. Uzinduzi ulisogezwa hadi mwezi wa sita.

Barua ya pili aliiandika bibi mmoja wa kisomo aitwaye Bi Mwanakombo, aliyekuwa na mwandiko mkubwa kama mabango. Ilieleza kwamba upepo wa Mabondeni huvuma kutoka mashariki, na utepe ukikatwa, ncha yake itapeperuka na kuelekea upande wa vyoo. Je, wizara imeridhia? Wizara haikuwa imeridhia. Wataalamu wa hali ya hewa waliletwa wakakaa wiki tano, wakila kwa Nyamizi, na uzinduzi ukasogezwa hadi mwezi wa nane.

"Mwandiko wangu umesimamisha serikali," alisema Bi Mwanakombo, akiitazama kalamu. "Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia sifai hata kuhesabu kuku."

"Umeacha nafasi baada ya nukta?" Mwalimu Generoza alimwuliza.

"Nimeacha, mwalimu."

"Basi unafaa."

Wakati huo kidato cha nne walikuwa wakifanya mazoezi ya kumwonyesha mgeni rasmi kila siku, na siku za Jumamosi mara mbili. Walifanya mazoezi ya kupima uzito, mazoezi ya kusoma mizani bila kuinamisha kichwa, mazoezi ya kudondosha asidi. Kabula alirudi nyumbani na matundu madogo kwenye aproni.

"Ninakosea mwishoni," alimwambia mama yake. "Lazima nifunge koki kwenye tone lile lile rangi inapogeuka. Mimi ninapitisha tone moja."

"Tone moja ni kosa?"

"Tone moja ni alama nne, mama."

Nyamizi aliketi akaandika barua ya tatu, na katika hiyo, kwa pupa, ndimo alimojikwaa. Aliuliza ikiwa jua la alasiri la Mabondeni, ambalo ni kali, litaruhusiwa kumpiga Mheshimiwa usoni. Wizara ilitafakari kwa miezi miwili. Kisha likaja jibu lenye mihuri mitatu: ili jua lisipate nafasi hiyo, uzinduzi utafanyika asubuhi, saa mbili kamili, tarehe tisa mwezi wa kumi na moja. Uamuzi huo ni wa mwisho, na maswali yamefungwa rasmi kwa utepe.

Nyamizi aliisoma barua hiyo mara tatu. Mtihani wa vitendo ulianza tarehe tisa, saa mbili kamili, nchi nzima, na ulichukua saa mbili na nusu. Ikiwa utepe utakatwa saa mbili na robo, Mzee Chiponda atakuwa mlangoni na lori saa mbili na nusu, na Kabula atanyang'anywa bureti mkononi ikiwa nusu.

*

"Tuahirishe mtihani," alisema Mwalimu Lugendo, akitokwa jasho.

"Mtihani ni wa Baraza, mwalimu. Baraza haliwatambui mawaziri. Msimamizi wao amekwisha kufika, ana bahasha zenye lakiri, na mwaka huu ni za vitendo vya kweli, kwa kuwa tuna maabara."

"Basi tumwambie Mheshimiwa asubiri."

"Utamwambia wewe?"

Mwalimu Lugendo alitazama nje ya dirisha kama mtu anayetafuta mwalimu mkuu mwingine.

"Katika utaratibu," Nyamizi aliuliza, "ni kitu gani hutangulia kabla ya utepe?"

"Risala. Mgeni rasmi hawezi kukata utepe kabla ya kusomewa risala. Nimekwisha kuiandika. Kurasa mbili."

"Na anaweza kuikatisha?"

"Risala haikatishwi. Mwaka ule mmoja msomaji alizimia katikati, wakangoja mpaka alipozinduka."

"Nipe niisome mimi," alisema Nyamizi. "Mheshimiwa ni Waziri wa Kufuta Ujinga. Atapenda kumwona mtu wa kisomo."

Mwalimu Lugendo alimpa karatasi zile mbili haraka, kama mtu anayepokonywa mzigo na kushukuru.

Siku ilipofika, Mheshimiwa Tukuza, ambaye katika maisha yake yote ya uongozi hakuwahi kufika mahali kabla ya saa nne, aliwasili saa mbili kasoro dakika tano. Alikalia kiti kilichoinuliwa kwa vipimo vya Kamati ya Kimo, hata miguu yake ikawa inaning'inia. Kulia kwake alikaa Bwana Shangwe, akiwa na mkasi wa fedha juu ya mto wa hariri. Lori liliunguruma taratibu nyuma ya jiko. Nyuma ya utepe, ndani ya maabara, watahiniwa thelathini na wanane walikuwa wamekwisha kuingia kwa mlango wa stoo.

"Ninasikia vyombo," alisema Mheshimiwa. "Ni akina nani humo?"

"Ni wanafunzi, Mheshimiwa," Nyamizi alijibu. "Wanafanya kile walichokizoea."

"Vizuri. Tuendelee."

Nyamizi alipanda jukwaani, akafungua risala, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mhe," alisoma. Akapumua. "Shi. Mhe-shi. Mi. Mhe-shi-mi..."

Watu walikaa vizuri. Ilipita dakika nzima kabla Mheshimiwa hajawa Mheshimiwa. Na kwa kuwa desturi ya nchi hiyo ni kwamba cheo cha mgeni rasmi kikitajwa kwa ukamilifu wote husimama na kupiga makofi matatu, wote walisimama, wakapiga, wakakaa. Mwalimu Lugendo, kwa ajili ya cheo chake mwenyewe, alikuwa amekitaja cheo hicho mara thelathini na moja katika kurasa mbili.

Saa mbili na nusu Nyamizi alikuwa kwenye mstari wa tano. Inzi alitua juu ya karatasi. Alimngoja aondoke, kisha, kwa kuwa alikuwa amepoteza mahali, alirudi mwanzo wa aya kama wafanyavyo wanaojifunza.

"Mama," Bwana Shangwe alinong'ona, akiinama kuelekea jukwaani, "nikusaidie kidogo?"

Kamera ziligeuka. Mheshimiwa aliinua kiganja.

"Mwache," alisema kwa sauti iliyokusudiwa kufika mbali. "Mnachokiona hapa ni ujinga ukifutwa mbele ya macho yenu. Ujinga haufutwi kwa haraka. Ungefutwa kwa haraka, wizara yangu ingekuwa na kazi gani?"

"Sa," alisoma Nyamizi. "Ya. Sa-ya. Ni. Si. Sa-ya-ni-si."

"Sayansi," Bi Mwanakombo alisahihisha kutoka mstari wa nyuma.

"Tafadhali," alisema bibi mwingine wa kisomo. "Mwache atafute mwenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Lakini amekosea."

"Basi arudie sentensi nzima."

Nyamizi alirudia sentensi nzima. Ilikuwa na cheo ndani yake. Wote walisimama, wakapiga makofi matatu, wakakaa.

Saa tatu na nusu kofia ya Mheshimiwa ilikuwa imeteremka hadi kwenye nyusi. Bwana Shangwe aliuhamisha mto wa mkasi kutoka goti moja kwenda jingine mara nyingi hata hariri ikaanza kung'aa. Bendi ilikuwa imelala ikiwa wima, jambo ambalo bendi za nchi hiyo hulifanyia mazoezi. Nyamizi alikuwa kwenye ukurasa wa pili. Koo lilimwuma. Kila alipovuta pumzi alisikiliza upande wa maabara, na kila aliposikia kioo kikigonga kioo alisema moyoni, funga koki, mwanangu, funga sasa.

Saa nne na dakika ishirini neno "ahsante" lilimchukua muda mrefu sana.

Saa nne na nusu kengele ililia. Kwa upande wa nyuma, mlango wa stoo ulifunguliwa, na sauti ya msimamizi ikasikika ikisema, "Wekeni kalamu chini, tokeni kwa mstari."

Ndipo Nyamizi aliponyanyua kidole kwenye karatasi, akatazama mbele, akaisoma aya yote ya mwisho kwa pumzi moja, wazi na kwa mkupuo, kama msomaji wa taarifa ya habari ambaye gari linamngoja nje. Akakunja risala, akainama, akashuka.

Mheshimiwa alisimama polepole, na machoni mwake yalionekana machozi.

"Ndugu zangu," alisema, "mmeshuhudia wenyewe. Mama huyu alipanda jukwaa hili hajui kusoma. Ameshuka anajua. Saa mbili na nusu, bila mwalimu, bila darasa, kwa kukaa tu mbele yangu." Alipangusa macho kwa ncha ya utepe. "Ninaagiza matokeo haya yaandikwe kwa jina la kampuni na kwa jina langu, kwa kufuatana huko huko."

Kisha akaukata utepe. Ncha yake ilipeperuka kuelekea upande ambao wataalamu walikuwa wameridhia. Mzee Chiponda alirudisha lori kinyumenyume, na katika dakika kumi na nne maabara ya Mabondeni ilikuwa chumba chenye rangi nzuri na picha moja kwenye fremu.

Kabula alimkuta mama yake nyuma ya banda, akinywa maji ya moto kwa ajili ya koo. Alinyoosha mkono, vidole vikiwa na madoa ya rangi ya waridi mpaka kwenye kucha.

"Iligeuka," alisema. "Nikafunga pale pale. Sikupitisha hata tone."

"Umeona rangi gani?"

"Waridi, mama. Nimeiona kwa macho."

"Basi kula," alisema Nyamizi, akampa sahani, kisha akageukia jiko kwa muda.

Bwana Shangwe alifika jioni na bahasha ya mwaliko. Makao makuu yalikuwa yamefurahishwa kupita kiasi. Kampuni ilimwomba Mama Kabula aambatane na vifaa hadi shule ya arobaini na tatu, katika mkoa wa pili, ili akajifunze kusoma tena mbele ya mgeni rasmi mwingine. Angekaa kwenye lori, mbele, karibu na hadubini kubwa.

"Uzinduzi huko ni lini?" aliuliza Nyamizi.

"Mwezi wa pili."

"Na mtihani wao wa vitendo?"

"Wa mwaka huu umekwisha kuwapita. Wanaofuata wanafanya mwezi wa kumi na moja mwakani," alisema Bwana Shangwe. "Kwa nini unauliza?"

"Mtu aliyejifunza kusoma juzi, baba, huuliza mambo mengi." Akaaga nyumbani, akapanda lori akiwa na kanga mbili, kalamu sita na rimu nzima ya karatasi za mistari, na katika kituo cha kwanza cha chai akamwuliza Mzee Chiponda kama huko waendako kuna darasa la kisomo.

Lilikuwapo. Lilikuwa na akina mama ishirini na saba, na mwandiko wao, alisema mzee, ulikuwa mzuri.

Mambo yaliyofuata yamo katika majalada ya Wizara ya Uzinduzi, ambayo hakuna aliyesoma zamani anayeyafungua. Kabula amekwisha kupita Mabondeni wakati wa likizo ya chuo, siku ya Jumanne, akiwa na chupa kumi na mbili na kalamu ya kuandikia lebo. Shule ya arobaini na tatu mpaka leo haijazinduliwa. Wanafunzi wake, inasemekana, wamekuwa hodari mno kwa mazoezi.